Mahali Anapovua Sigvald

Februari 6

Chewa wamefika. Mwaka mzima tunawangoja washuke kutoka kaskazini kuja kutaga kwetu, na leo asubuhi gati zima la kijiji chetu, Skarvøya, lilinuka maini. Nilifurahi kidogo tu, maana chewa wakifika mume wangu huondoka. Sigvald ametoka kabla ya mapambazuko, peke yake, na boti yake ndogo na ndoo mbili za samaki wa mpira, ndio chambo chake. Daktari aliniambia niandike hofu zangu badala ya kuzunguka nazo jikoni. Haya, naandika. Na kuzunguka nazunguka vilevile.

Februari 7

Upepo mkali. Boti zote ziko ndani. Nimelala kama mtoto.

Februari 11

Jikoni kwangu kunanuka mpira ulioungua, na mgeni akija naona aibu. Hawa samaki wa mpira ni warefu kama mkono wangu hadi kiwiko, laini kama ulimi, na wana mkia mpana unaocheza wenyewe ukivutwa majini. Chewa hung'ata mikia. Kwa hiyo kila jioni Sigvald huniletea majeruhi, nami napasha kisu motoni, namuunganisha huyu mkia wa yule, huku nimeziba pua. Vichwa pia ni kazi yangu. Nayeyusha risasi bandani, naimimina kwenye kalibu ndoano ikiwa ndani, na ikipoa mpira unavishwa juu yake.

Edvin, mdogo wake Sigvald, huwaita wanasesere. Ndugu hawa walivua pamoja miaka mingi katika boti moja kama alivyowafundisha baba yao, kwa vyuma vizito vyenye ndoano, wakivipandisha na kuvishusha majini mchana kutwa mpaka mabega yawake moto. Mwaka juzi Sigvald akajitenga na mpira wake. Edvin alimwambia palepale gatini, watu wamejaa, "Nenda basi! Kacheze na wanasesere wako!" Tangu siku hiyo hawasemezani. Ndugu wa tumbo moja, nyumba zinatazamana, na hata salamu hakuna.

Februari 15

Kila adhuhuri boti huzungumza kwenye redio ya upepo, na sisi wake tunasikiliza majumbani. Hakuna anayesema kweli. Hapa kwetu si dhambi, ndivyo tulivyolelewa. Mvuvi anayetaja mahali anapopata samaki amewafungulia wenzake mlango wa ghala. Anayesema yuko mashariki yuko magharibi, na anayelia hana kitu, boti inakaribia kuzama kwa uzito.

Sigvald husema neno lilelile kila siku. "Niko Storskallen. Hakuna kitu, hata cha kumpa paka."

Jorunn, mke wa Edvin, hunipigia simu papo hapo. Waume wamenuniana, lakini sisi wawili tumekataa kununiana.

"Leo tena Storskallen? Maskini, si ahamie tu huko?"

Nacheka. Ila mimi najua kweli iko wapi, maana mimi ameniambia. Alivuta pazia kwanza, utadhani Edvin anaweza kusoma midomo yetu toka ng'ambo ya barabara. "Svartflua," akaninong'oneza. "Umesikia wewe peke yako." Nikajisikia kama bibi harusi. Svartflua ni karibu, nyuma ya visiwa, na maji yake ni ya upole.

"Na Nordgrunnen huendi?" nikamuuliza.

"Si nilikuapia?"

Nordgrunnen ni mwamba wa chini ya maji, nje kabisa, penye mkondo mkali na mawimbi yanayovunjika hata siku ya jua. Baba yangu alikwenda kuvua huko, na hakurudi yeye, wala boti, wala kofia. Sigvald aliniapia kabla hatujaoana kwamba hatakanyaga.

Februari 19

"Storskallen. Hakuna kitu." Boti imerudi imejaa pomoni.

Februari 24

Edvin anamfuata mume wangu. Nilikuwa na mashaka wiki iliyopita, sasa nina hakika. Sigvald akitoka, haupiti muda boti nyekundu ya Edvin inatoka nyuma yake, taratibu, inajitia haina haraka. Sigvald akirudi, Edvin naye huyo anarudi. Anamcheka mwenzake kwa wanasesere, kumbe anataka kujua wanakoogelea!

Nimemwambia Sigvald. "Bahari ni pana," akasema, kisha akaenda kuoga.

Nimemwomba awashe kile kifaa kinachoonyesha boti kwenye ramani, alichokizima tangu Krismasi. Amekataa. Anasema akikiwasha ni sawa na kupiga tarumbeta.

Machi 2

"Nitengenezee vichwa vizito zaidi," kaniambia leo.

"Vizito mpaka wapi?"

"Mara mbili ya hivi."

"Svartflua ina kina gani hicho, bwana?"

"Samaki wameshuka chini, Borghild. Mpira ukielea katikati ya maji ni bure, lazima ufike chini haraka."

Nimemimina risasi mchana kutwa. Kichwa kimoja nilikishika kiganjani mpaka kikapoa, na sikupenda uzito wake. Sijui kwa nini. Mimi hata mlango ukijifunga wenyewe siupendi.

Machi 8

Upepo, siku ya tatu. Nimepika chewa na maini na mayai yake, viazi pembeni, na Sigvald alikula mpaka akafungua mkanda. Akishiba hupenda kufundisha. Akafunga samaki wa mpira kwenye uzi, akapanda juu ya kiti, akamshusha mpaka sakafuni.

"Unamwacha agonge chini. Halafu unamwinua kidogo, unavuta taratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Ukihisi uzito, usishtue mkono! Vuta vilevile, samaki atajinasa mwenyewe. Edvin hushtua. Mkono wake umezoea vyuma, anafikiri samaki asipopigwa hapatikani."

"Si umfundishe basi."

Akashuka kwenye kiti, akakunja uzi wake. Nilitamani niurudishe ulimi wangu.

Machi 13

Jorunn alikuja kunywa kahawa, uso umemsawijika.

"Edvin simwelewi," akasema. "Anatoka alfajiri, anarudi ameganda mpaka ndevu, mafuta ya boti yamekwisha, na samaki wenyewe wa kulisha paka. Nikimuuliza ananiambia msimu mbaya. Msimu mbaya gani, na wenzake wanajaza vichanja? Sijui anavua nini huko nje."

Mimi nilijua anavua nini. Anamvua mume wangu. Lakini Jorunn hana kosa, nikamkatia mkate.

Machi 16

Leo nimeyamaliza ya Edvin. Nilimkuta Edvin gatini anaosha boti.

"Edvin!"

"Shemeji."

"Acha kumfuata mume wangu."

Wavuvi wawili waliokuwa karibu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Nani kasema namfuata?"

"Macho ninayo. Akitoka unatoka, akirudi unarudi. Kama unapataka mahali pake, nenda kamwombe uso kwa uso. Huoni haya? Mtu mzima unanyatia kama paka jikoni!"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilingoja anitukane, nilikuwa na la kumjibu. Hakunitukana.

"Unataka nisitoke?" akauliza.

"Nataka umwache."

"Haya, shemeji. Nimemwacha."

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Sigvald sijamwambia.

Machi 17

Jua, bahari shwari. Boti ya Edvin imefungwa gatini kutwa nzima. Nimefuma soksi nzima huku naimba.

Machi 20

Ya jana nayaandika leo, jana sikuweza kushika kalamu.

Adhuhuri alisema kama kawaida, Storskallen, hakuna kitu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Haikuchukua muda upepo ukageuka kaskazini-magharibi, mapema kuliko walivyotabiri, na theluji ndani yake. Boti zikaanza kurudi moja moja. Nilisimama dirishani nazitambua zote, hii ya nani na hii ya nani, na yake haikuwemo.

Nikashika redio. "Sigvald, Sigvald, hapa nyumbani." Kimya. Nikarudia mpaka sauti ikakauka. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nikavaa koti nikakimbilia gatini, kiatu kimoja hakijafungwa.

Chombo cha uokoaji kilikuwa tayari kimewasha injini. Nahodha wake si mtu wa hapa. Akauliza mara ya mwisho Sigvald alisema yuko wapi, na mtu mmoja akajibu Storskallen, ndivyo redio ilivyosema. Wote pale walijua ni uongo. Wote wakanitazama mimi, maana walijua pia kwamba mke huambiwa.

Na mimi nikanyamaza.

Nimejiuliza usiku kucha ni shetani gani. Jina la Svartflua lilikuwa mdomoni, na mdomo haukufunguka. Bibi yangu hakutaja mahali pa mumewe, mama yangu hakutaja, hata baba alipopotea mama alikaa nusu siku bila kutaja. Nilimwona akilini Sigvald amerudi mzima, anacheka, na kumbe nimeshampa mahali pake kila mwenye boti. Chombo kikaondoka kwenda Storskallen, kule ambako nilijua hayuko. Mtu akanipa kahawa. Niliinywa hadi nusu kikombe, Mungu anisamehe, ndipo nikasema.

"Svartflua. Yuko Svartflua."

Wanaume wakainamisha vichwa kana kwamba nimevua nguo mbele yao. Mmoja akaita redioni, chombo kikageuka. Tukangoja. Theluji ilikuwa inapita mlalo.

"Svartflua hakuna mtu," nahodha akasema.

Nikampokonya yule bwana redio. "Tazameni tena!"

"Mama, tumezunguka mara mbili. Hakuna hata ndoo."

Ilikuwa siri yangu ya msimu mzima, niliyovutiwa pazia nikajiona malkia, na haikuwa kweli. Alinidanganya mimi kama alivyoidanganya redio. Nikakumbuka uzito wa vile vichwa vya risasi. Kichwa kizito ni cha mkondo mkali! Nilivimimina mwenyewe, kwa mikono hii, na sikutaka kujua.

Edvin alitokea upande wa mabanda, anavaa suti ya kuelea huku anatembea.

"Hayupo Svartflua, shemeji," akaniambia taratibu, wengine wasisikie. "Yuko Nordgrunnen. Tangu Februari yuko huko."

"Umejuaje?"

"Si nilikuwa namfuata? Wewe mwenyewe ulisema."

Akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Nordgrunnen hapavuliwi peke yako. Baba alitufundisha, mmoja anavua, mmoja anamwangalia. Hataki kuniona, basi nikawa nakaa nyuma ya kisiwa mpaka nione amekunja mishipi yake."

"Na leo..."

"Leo sikwenda."

Akaruka botini. Nilimwona anaongea na nahodha kwa simu, si kwa redio, kisha boti nyekundu ikaingia kwenye theluji na sikuiona tena.

Jorunn alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa ameshaambiwa nilivyomfokea Edvin, gati halina siri nyingine zaidi ya samaki. Nilitaka anipige. Akanishika mkono, mkono wake ukiwa baridi kuliko wangu.

"Ulimwambia amwache mwenzake," akasema. "Sasa omba warudi wawili."

Niliomba. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na baba yangu aliye huko chini awarudishe. Nilimtukana Sigvald kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Mwanga ulikuwa unakwisha tulipoiona boti nyekundu inazunguka mnara wa taa, inakwenda pole sana, na nyuma yake kwenye kamba inavutwa boti yetu.

Kamba ya nanga ilikuwa imejisokota kwenye pangaboi, injini ikazimika, wimbi likavunja kioo na kuzamisha redio. Sigvald alitupa majini turubai lililofungwa kamba, la kuburuta na kupunguza mwendo, boti ikaelekeza pua kwenye mawimbi, naye akakaa anachota maji kwa ndoo ya samaki wa mpira. Edvin alipomfikia, mawimbi ya mwambani yalikuwa karibu kiasi cha kusikika.

Watu walimuuliza Edvin alimkuta wapi.

"Karibu na Storskallen," akajibu, akaenda zake kubadilisha soksi.

Machi 21

Sigvald amelala. Vidole vimevimba, hawezi kushika kijiko, namlisha. Nampenda na nina hasira naye. Vyote viwili vimejaa.

"Kwa nini ulinidanganya?" nilimuuliza alipomaliza supu.

"Ungeniruhusu niende?"

"Thubutu!"

"Basi."

"Basi nini? Ningekuzika wapi, Sigvald? Storskallen? Svartflua? Ningemwambia mchungaji aombee maji gani?"

Akageukia ukutani. Nilimwona bega linatikisika. Sikumbembeleza mara moja, nilimwacha kwanza kidogo.

Nimemweleza pia ya gatini, nilivyomfukuza Edvin. Haki ni haki.

"Nilijua ananifuata," akasema. "Nilikuwa nikiiona ile boti nyekundu, navua bila wasiwasi."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Hatusemezani."

Wanaume hawa! Mungu aliwaumba, akasahau kuwapa mdomo.

Machi 23

Upepo.

Machi 25

Edvin amevuka barabara. Alibisha mlango wa mbele kama mgeni, akaketi bila kuvua koti. Niliwawekea kahawa nikajifanya nina kazi sinki.

"Vidole?" akauliza Edvin.

"Vinakunjika."

Wakanywa.

"Yule wa rangi ya shaba," akasema Edvin mwishowe. "Yule mwanasesere mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Ndiye anayekupa wale wakubwa?"

"Huyo. Lakini wewe utashtua mkono."

"Sitashtua."

"Utashtua. Nakujua."

"Nimesema sitashtua, bwana!"

Sigvald akainuka, akamletea wawili na vichwa vyao. Edvin akawatia mfukoni, akainuka, akanitazama.

"Shemeji," akasema.

"Nisamehe, Edvin."

"Nilikuwa namnyatia kweli," akasema. "Hukukosea sana kunifananisha na paka."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

Machi 28

Bahari imetulia. Nilipoona Sigvald anaandaa ndoo zake sikusema neno. Nilivaa suti ya kuelea, nikatangulia gatini, nikaketi botini.

"Unakwenda wapi?" akauliza alipofika.

"Unakokwenda."

Akanitazama, akatazama mbingu. Akawasha injini. Tulipopita visiwa akakunja usukani kuelekea Svartflua, nami nikamshika mkono.

"Siyo huku. Kule."

"Borghild..."

"Kule, nimesema. Nataka kupaona kwa macho yangu."

Hapana cha kuonwa. Ni maji tu, ya kijani kibichi, yanayojikunja yenyewe bila upepo, na mbele kidogo povu linaonyesha mwamba ulipo. Nilimsalimu baba yangu kimoyomoyo, kisha Sigvald akanipa fimbo ya kuvulia. Nikamshusha samaki wa mpira. Kichwa changu kizito kilimpeleka chini sawasawa, nikasikia kimegonga. Nikamwinua, nikavuta taratibu. Uzito ukaja, mzito kama mtu anayeshika mlango upande wa pili, na mkono ulitaka kushtuka, sikuuruhusu. Nilivuta vilevile. Alipotokea juu, chewa mwenye tumbo jeupe, mrefu kuliko meza yangu ya jikoni, Sigvald alipiga kelele kuliko mimi.

Adhuhuri redio ikaanza. Huyu mashariki, hakuna kitu. Yule kaskazini, maskini hana hata wa kukaanga. Sigvald akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti cha redio, nikamuwahi.

"Hapa Borghild," nikasema. "Tuko Nordgrunnen, upande wa magharibi wa mwamba. Samaki wapo wengi, wakubwa. Nimesema Nordgrunnen."

Redio nzima ikalipuka kwa vicheko.

"Ehee, kumbe na mama naye amefuzu kudanganya!" mmoja akasema.

"Borghild aende Nordgrunnen?" akadakia mwingine. "Hata umfunge kamba umburute!"

"Bibi wewe," Jorunn akaita kutoka nyumbani kwake, amebanwa na kicheko, "ukidanganya, danganya kidogo! Sema Storskallen kama mumeo!"

Hakuna boti iliyogeuza usukani. Sigvald alicheka mpaka akaketi juu ya samaki. Mimi sikucheka. Nimesema kweli tupu mbele ya bahari nzima, nikaitwa mwongo, na kama injini ingezimika wakati ule wangekwenda tena kututafuta kila mahali isipokuwa pale tulipo. Nikazungusha macho juu ya maji yale yote. Kando ya kisiwa ilikuwepo boti nyekundu, na Edvin amesimama ndani yake anavuta mshipi pole pole, hashtui mkono.

Nikamwambia Sigvald akunje mishipi, tusogee tukavue karibu naye.